Majitaka Yapewe Muda

Lita moja ya maji ya Ruaha Mdogo, yakiwa masafi na yenye ubaridi wa asubuhi, hubeba miligramu nane hivi za oksijeni. Hiyo ndiyo hewa yote anayoitegemea samaki, konokono na mdudu aishiye chini ya jiwe. Lita moja ya majitaka mabichi ya mjini, yaani maji ya chooni, ya jikoni, ya bafuni na ya kufulia yakiwa yamechanganyika, huhitaji miligramu 200 hadi 400 za oksijeni ili bakteria wamalize kuula uchafu uliomo. Piga hesabu. Lita hiyo moja ikimwagwa mtoni ikiwa mbichi, inaweza kumaliza hewa ya lita 30 au 40 za maji safi. Samaki tunaowaona wakielea tumbo juu chini ya mtaro wa mji mara nyingi hawakula sumu yoyote. Wamekosa pumzi.

Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Iringa, na hesabu hiyo ndiyo ninayoiandika ubaoni kila tunapofika mada ya maji. Darasa hunyamaza. Wengi wa wanafunzi wangu hupita daraja la Ipogolo, wameucheza mto huo tangu utotoni, na nyumbani wanayanywa maji yake, kwa kuwa mamlaka ya maji ya mji, IRUWASA, huyachota humo humo mtoni pale Ndiuka. Mji wetu umekaa mlimani, una watu zaidi ya laki mbili kwa sensa ya 2022, na kila tone linalotoka bafuni hutafuta bonde. Bonde ni la Ruaha Mdogo. Mto huo huingia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu huingia bwawa la Mtera, hushuka Kidatu, hujiunga na Rufiji na kupita kwenye Bwawa la Julius Nyerere kabla ya kuonana na bahari. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa. Ruaha Mdogo hukutana nao chini ya hapo, na katika miezi hiyo migumu huu wetu mdogo ndio unaoendelea kupeleka maji Mtera. Kwa hiyo tunachofanya na vyoo vya Kihesa na Mlandege kinawahusu watu wengi ambao hawajawahi kufika Iringa.

Kati ya vyoo hivyo na mto kuna mabwawa ya majitaka, upande wa Don Bosco. Mgeni akiyaona hudhani ni mabwawa ya samaki. Hakuna jengo kubwa, hakuna mngurumo wa mashine, hakuna bomba la kuchanganya dawa. Kuna maji yaliyotulia, tuta la udongo, majani yaliyofyekwa, na bata maji wanaopiga mbizi bila wasiwasi. Nimekwenda huko mara nyingi na wanafunzi, na kila mara kuna anayeuliza, "Mwalimu, sasa kiwanda kiko wapi?" Kiwanda ndicho hicho anachokitazama. Kinaendeshwa na jua, bakteria na mwani, na kitu kimoja ambacho hakionekani kwa macho: siku.

Bomba kuu la mji humwaga majitaka kwenye mfereji wa zege wenye chujio la nondo. Simama hapo kidogo, harufu utaizoea. Nondo zimesimama wima, zimeachana kwa nafasi ya vidole viwili vitatu, na mtunza mabwawa ana reki ya meno marefu anayoivuta kutoka chini kwenda juu. Mzee huyo alitupokea kwa "kamwene", akawaamkia wanafunzi wangu wote kabla hajagusa kazi, kisha akatuonyesha alichovuta asubuhi ile: pampasi zilizovimba, matambara, vifungashio vya pipi, kichwa cha mdoli, maganda ya viazi, kandambili ya mguu mmoja, na pedi. Mifuko ya plastiki imepungua tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini pampasi zimeongezeka. Zikipita hapo zinaziba bomba la mbele, na bomba likiziba majitaka hufumuka kwenye chemba barabarani na kuingia kwenye mtaro wa mvua, ambao hauna bwawa wala chujio. Unateremka moja kwa moja mtoni. Yule mzee aliziweka pembeni kwa uangalifu, akamwagia mchanga na kusema, "Mwalimu, watu wanadhani choo ni jalala lenye maji."

Baada ya chujio, mchanga huachwa utuame, ndipo maji yaingie bwawa la kwanza. Bwawa la aina hii huchimbwa kwenda chini sana, mita tatu hadi tano, kwa makusudi hewa isifike. Rangi yake ni nyeusi ya kijivu na viputo huchomoza juu mfululizo. Vitu vizito huzama, na bakteria wasiohitaji oksijeni huvikata vipande vipande na kutoa gesi, nyingi ikiwa methani, ile ile ya kupikia inayopatikana kwenye mitambo ya samadi. Kwa siku chache tu, bwawa lililopimwa vizuri hupunguza nusu au zaidi ya mzigo ulioingia. Ila baridi inalisumbua. Anayegema ulanzi anajua kwamba baridi ikizidi, uchachu huchelewa. Bakteria wa bwawani nao ni hivyo hivyo. Iringa tuko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hapa mtu hulala na mablanketi mawili. Ndiyo maana mhandisi anayejua kazi yake hupima ukubwa wa mabwawa kwa mwezi wa baridi kuliko yote, wala hatumii wastani wa mwaka.

Bwawa la pili ni pana na la kina kifupi, mita moja na nusu au mbili. Hapa maji huanza kuwa ya kijani, na rangi hiyo huwatia watu shaka, maana tumezoea kwamba maji ya kijani ni machafu. Kijani hicho ni mwani, mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja. Bakteria hula uchafu na kutoa hewa ya kaboni. Mwani huichukua hewa hiyo na, kwa nguvu ya jua, hutoa oksijeni. Bakteria wanapata pumzi na kula tena. Mchana wa jua kali maji ya juu ya bwawa hilo yanaweza kuwa na oksijeni nyingi kuliko mto wenyewe. Usiku mwani nao huvuta pumzi na hewa hushuka. Kila siku bwawa hupanda na kushuka hivyo, bila umeme. Nalitaja suala la umeme kwa sababu mitambo mingine ya kusafisha majitaka, inayotumiwa sana Ulaya, hupuliza hewa majini kwa mashine saa 24. Hiyo huhitaji eneo dogo, ni kweli, lakini umeme ukikatika bakteria wake huanza kukosa pumzi. Kwa mji wa kadiri yetu nayapigia kura mabwawa, bila kusita. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliofanya utafiti wa miaka mingi juu ya mabwawa haya, pamoja na ardhioevu za kutengenezwa zinazopandwa matete, walionyesha kwamba yanafaa sana kwa nchi yenye jua kama yetu.

Mwisho huja mabwawa ya kukomazia, yenye kina cha mita moja au zaidi kidogo, mwanga ufike hadi chini. Kazi yao kubwa ni vijidudu vya maradhi. Mililita 100 za majitaka mabichi, kiasi kisichojaza hata kikombe cha chai, huwa na bakteria wa utumbo milioni kumi na zaidi. Kiwango cha Tanzania kwa maji yanayoruhusiwa kuingia mtoni hakizidi elfu kumi kwa kiasi hicho hicho. Maana yake katika kila bakteria elfu moja, 999 lazima wafe njiani. Wanauawa na mwanga wa jua, na njaa, na pia na mwani, kwa kuwa mwani unaponyonya hewa ya kaboni kwa kasi, maji hugeuka kuwa na alkali nyingi na bakteria wengi wa kuhara hawalistahimili hilo. Mayai ya minyoo hayauawi kirahisi hivyo. Ganda lake ni gumu. Lakini yai ni zito kuliko maji, na likipewa siku kumi hivi za utulivu huzama lenyewe hadi kwenye tope.

Ukijumlisha yote, majitaka hupangiwa kukaa wiki mbili, tatu, pengine zaidi, kulingana na hali ya hewa ya mji na maji yanavyotakiwa yatoke. Hakuna dawa iliyotiwa.

Darasani tuna jaribio moja nisilochoka kulirudia. Tunachukua chupa tatu za kioo zenye vizibo. Ya kwanza tunajaza maji ya kwenye chujio, ya pili maji ya bwawa la kijani, ya tatu maji ya mwisho yanayotoka. Tunavaa glavu, na sabuni iko tayari. Kila chupa tunaitia matone machache ya methilini bluu, tunajaza hadi shingoni isibaki hewa, tunaziba na kuziweka kabatini gizani. Rangi hiyo ya buluu hupotea pale oksijeni inapokwisha majini. Chupa ya kwanza huwa imeshapauka tukiifungua baada ya vipindi vya asubuhi, na ikifunguliwa hunuka yai viza. Ya pili huchelewa. Ya tatu hubaki ya buluu, kesho yake, na keshokutwa. Nimewaona wanafunzi wavivu wa hesabu wakirudi kabatini wenyewe wakati wa mapumziko kuitazama ile chupa ya tatu. Wenye maabara ya kweli hupima hitaji hilo la oksijeni kwa siku tano, gizani, katika nyuzi 20 za Selsiasi, na kanuni zetu zinataka maji yanayotoka yasizidi miligramu 30 kwa lita. Rudi kwenye hesabu ya ubaoni: lita yenye hitaji la 30 inamaliza hewa ya lita nne za mto, badala ya 40. Mto wenye afya unaweza kuibeba lita hiyo, ukajirudishia pumzi unapopiga mawe na kutoa mapovu huko chini.

Sasa linakuja jambo linalonifanya niandike. Mabwawa haya nguvu yake yote ni muda, na muda huo unaibwa kila siku, tena na watu wema wasiojua wanachokifanya.

Mwenye nyumba aliyeunganishwa na bomba la majitaka anaona maji ya mvua yanatuama uani. Anafungua mfuniko wa chemba, au fundi wake anaelekeza bomba la gata humo. Uani panakauka, amefurahi. Nyumba mia zikifanya hivyo mwezi Januari, mvua za Iringa zikiwa zimekolea, maji yanayofika bwawani huwa mara mbili au tatu ya kawaida. Bwawa halitanuki. Maji mapya husukuma ya zamani, na majitaka yaliyopaswa kukaa wiki tatu hutoka baada ya wiki moja, na mayai ya minyoo hayajazama. Hakuna aliyeona lolote kwa sababu mto wakati huo umefurika na ni mwekundu kwa udongo.

Tope nalo huiba muda. Kila kinachozama hubaki chini, na bwawa la kwanza likijaa tope hadi theluthi au nusu, nafasi ya maji imepungua kwa kiasi hicho, na siku zimepungua vile vile. Lazima tope litolewe kila baada ya miaka michache, likaushwe juani kwenye vitanda vya mchanga na litunzwe kwa muda mrefu kabla ya kwenda shambani, kwa kuwa yai la mnyoo wa tumboni linaweza kuishi humo miaka. Hii ni kazi isiyo na uzinduzi wala utepe wa kukatwa, na ndiyo maana bajeti yake huwa ya kwanza kuahirishwa katika miji mingi. Bwawa lenyewe hutoa ishara likilemewa: maji ya kijani hugeuka rangi ya waridi au zambarau, kwa sababu bakteria wanaopenda salfa wameuchukua uwanja na mwani umekimbia. Ukiona bwawa la waridi, usilipige picha ukaenda zako. Toa taarifa.

Mafuta ndiyo adui wa tatu. Mafuta ya kukaangia chipsi yakimwagwa kwenye sinki yakiwa ya moto hupita vizuri, yakifika kwenye bomba la ardhini lenye baridi ya kwetu huganda. Ya gereji ni mabaya zaidi: hutanda juu ya bwawa, huzuia mwanga, na huua wale wale bakteria tunaowategemea.

Hata hivyo, ningekuwa nawadanganya wasomaji kama ningeishia kwenye bomba. Nyumba nyingi za miji ya Tanzania hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Zina mashimo na karo. Uchafu wa nyumba hizo hufika bwawani kwa magari ya kunyonya, au haufiki kabisa. Sote tunaijua tabia ya kutapisha vyoo: mvua kubwa inanyesha usiku, mtu anatoboa ukuta wa shimo lake, na yaliyomo yanakwenda na mkondo kupitia milango ya majirani hadi korongoni. Mtaani kwangu imetokea, na kesho yake watoto walikuwa wanavuka maji yale yale kwenda shule. Nilikasirika, na bado nina hasira. Lakini aliyetapisha alikuwa mjane mwenye wapangaji wawili, na bei ya gari la kunyonya ilikuwa karibu sawa na kodi ya chumba kimoja ya mwezi mzima. Kumpiga faini pekee hakutaulinda mto. Halmashauri inayotaka mto safi itafute namna ya kushusha gharama hiyo, wenye nyumba walipe kidogo kidogo kwa mwezi kama wanavyolipia maji ya bomba, na gari lije kwa ratiba kabla shimo halijajaa. Nako kwenye magari kuna tatizo lake. Dereva akiona foleni au umbali, hushawishika kufungulia bomba kwenye korongo la karibu gizani. Gari moja lenye lita elfu tano za tope la choo, ambalo ni zito mara nyingi kuliko majitaka ya bombani, linaweza kufanya mtoni madhara ambayo mabwawa yalifanya kazi siku nyingi kuyazuia.

Chini ya mabwawa kuna vinyungu. Wenyeji wa Iringa wamelima mabondeni kiangazi tangu mababu: mahindi mabichi, maharage, kabichi, nyanya, mboga za majani. Maji ya mwisho ya mabwawa bado yana naitrojeni na fosforasi kwa wingi, kwa sababu mabwawa hayaondoi mbolea hizo vizuri, na mkulima anayaona mahindi yake yanavyonawiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nadhani inafaa kuheshimiwa. Lakini nje ya mita hizo, mbolea ikinywewa na mahindi ni heri kuliko ikiingia Mtera kulisha magugu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1989 kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yawe na bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 kwa mililita 100 na yai la mnyoo lisilozidi moja kwa lita. Kiwango chetu cha kuingia mtoni kinaruhusu zaidi ya hapo. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wenye wazazi wakulima: mahindi, miti na majani ya ng'ombe, sawa. Nyanya za kachumbari, hapana. Na anayeingia mferejini avae mabuti, kichocho hakichagui.

Jambo la mwisho ni ardhi, na hapa naisema halmashauri yangu na za miji mingine bila kuzunguka. Mabwawa huhitaji hekta nyingi, tena chini ya mji, ambako maji hushuka yenyewe. Ndiko huko huko viwanja vinapouzwa leo kwa bei ya chini na nyumba zinaota kwa kasi. Mji ukikua maradufu na mabwawa yakabaki yale yale, muda wa majitaka utakuwa umegawanywa kwa mbili hata kama kila mhudumu anafanya kazi yake kwa uaminifu. Eneo la mabwawa ya miaka 20 ijayo lipimwe sasa, liwekewe mipaka na hati, kabla ya mtu wa kwanza kujenga msingi na kustahili fidia.

Nawe msomaji, leo jioni toka uangalie bomba la gata lako linamwaga wapi. Likiwa linaingia kwenye chemba, lihamishe kabla ya mvua. Na siku utakapoita gari la kunyonya, muulize dereva anakwenda kumwaga wapi, umwombe stakabadhi ya mabwawani, na usimlipe yote hadi ailete.